Milima Iliyokwenda Gairo

Sabra aliuona msumari kabla hajamwona Hafidhi.

Ulikuwa mtupu, umechomoza katikati ya ukuta wa mabanzi wa kibanda cha kahawa, pale alipokuwa ametundika kwa mikono yake mwenyewe kazi iliyomla masika yote. Kushoto, saa yake ya ukutani yenye umbo la jani la mgomba ilikuwa palepale. Kulia, majina ya watoto aliyoyakata kwa mbao nyembamba yalikuwa palepale, pamoja na wale vinyonga wa mbao ambao wateja hawakuchoka kuwapapasa mikia. Katikati tu ndipo palipokuwa wazi.

Ameipeleka kwake, Sabra akajiambia. Moyo ukampanda. Kama Hafidhi ameitoa ukutani akaipeleka kwake, basi ameitazama vizuri, na kama ameitazama vizuri, ameelewa. Akasimama pale barabarani, mfuko wa kazi mpya begani, akiwa na tabasamu ambalo hakuna aliyempa. Juu yake Uluguru ulikuwa umejifunika mawingu hadi mabegani. Maji ya mto yalisikika kwa mbali yakijisemea yenyewe kati ya mawe.

"Sabra!"

Hafidhi alitoka nyuma ya kibanda na birika mkononi. Alikuwa mwanamume mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya taratibu iliyomfanya kila mteja adhani anazungumza naye peke yake. Kibanda chake kilikaa pale barabara ya Moningsaidi inapoanza kupanda, na hakuna aliyepita kwenda mlimani bila kusimama kunywa kahawa, kuonja stroberi za Mgeta, na kuishia kutazama ukuta ule wa mbao.

"Kaa nikupe habari," alisema. "Hapana, usikae. Habari hii isikilize umesimama."

"Haya, nimesimama."

"Nimeuza ile kubwa!"

"Ipi?"

"Ile milima! Jana kaja mzee mmoja na bodaboda. Kaitazama, kanyamaza, katazama tena. Nikamtajia bei ambayo mimi mwenyewe niliionea aibu. Hakupunguza, Sabra. Kaikumbatia kama mtoto, kaondoka nayo Gairo." Akacheka kwa furaha, akaweka birika chini. "Nilikwambia mimi. Siku ile nilikwambia, mikono hii si ya kukatia hereni tu."

Sabra alimsikia kama mtu anayesikia redio ya jirani. Tabasamu lilikuwa bado usoni, limesahauliwa pale.

"Ile haikuwa ya kuuza," alisema.

"Eh?"

"Ilikuwa yako."

Furaha ya Hafidhi haikuzimika mara moja. Ilififia polepole, kama taa ya chemli iliyoishiwa mafuta, na Sabra aliitazama ikififia bila kuihurumia.

"Yangu? Mbona hukusema?"

"Nilitaka uione mwenyewe. Ulikuwa umekwenda Mgeta kufuata stroberi, nikaja nikaitundika katikati ili ukirudi uikute. Ulirudi, ukaikuta. Uliiona?"

"Niliiona! Nani asingeiona? Lupanga, Bondwa, ukungu katikati, kila mlima na mbao yake. Nilikaa naitazama mpaka kahawa ikamwagika jikoni."

"Na chini? Kwenye kijia?"

Hafidhi akatazama msumari, kana kwamba msumari ungemnong'oneza jibu.

"Kulikuwa na watu wawili pale," Sabra alisema, na sauti ikaanza kumsaliti. "Mwanamume na mwanamke, wadogo kama punje za mchele. Mwanamke ana kikapu. Nilivunja nyembe za msumeno mpaka nikakoma kuhesabu, kwa ajili ya kile kikapu tu. Wewe ukakaa ukatazama, ukaona bei."

"Hapo unanionea, Sabra."

"Nakuonea?"

"Kila ulicholeta hapa uliniambia niuze. Hata mara moja hukuwahi kutundika kitu ukaniambia hiki si cha watu. Ningejuaje? Nilipomfungia yule mzee ile milima kwenye gazeti, nilikuwa nakufikiria wewe. Nilifikiri jinsi utakavyofurahi."

Ilikuwa kweli, na kwa sababu ilikuwa kweli ilimchoma zaidi. Mtu akiumia na haki ikawa upande wa mwenzake, hana pa kuyapeleka machungu yake isipokuwa kwenye maneno makali. Sabra akayachukua yaliyokuwa karibu, na yaliyokuwa karibu yalikuwa ya mama yake.

"Mama aliniambia. Alisema yule kijana ni mtu wa biashara, machoni pake kila kitu kina bei, siku moja atakuuza hata wewe. Nikagombana na mama yangu kwa ajili yako."

Macho ya Hafidhi yalitulia juu ya uso wa Sabra muda mrefu, si kwa hasira. Yalikuwa macho yaleyale ya siku ya kwanza, ndiyo maana Sabra aligeuza shingo.

"Nitakwenda kuifuata," Hafidhi alisema kwa sauti ya chini.

"Usijisumbue. Na Jumapili usije kuleta posa. Mwambie baba yako mdogo abaki kwake Mlali, asichoke bure."

Akaondoka na mfuko wake wa kazi mpya, hakutoa hata kimoja. Hakutazama nyuma mpaka alipofika kwenye kona, na alipotazama, Hafidhi alikuwa bado amesimama mbele ya ukuta, ameshika ule msumari kwa vidole viwili.

*

Walikuwa wamekutana kwa tone la damu. Sabra alikuwa mtaalamu wa maabara katika zahanati moja mjini, na mwaka uliopita Hafidhi alikuja akitetemeka kwa homa, akakaa kwenye kiti, akanyoosha kidole apimwe malaria. Sabra alipoinama kumchoma, alimsikia akiuliza, na meno yake yanagongana kwa baridi: "Hereni zako amekata nani?"

Zilikuwa hereni za mbao, kila moja jani la mkangazi lililotobolewa mishipa yake yote mpaka mwanga ukapita. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Watu walimwambia tu amependeza.

"Mimi," alisema.

"Kwa kutumia nini?"

Naye, huku akipaka damu ya mgonjwa kwenye kioo, akamweleza habari za mashine yake. Aliinunua Kariakoo, ikiwa imeshatumika, baada ya kuona kwenye simu watu wa nchi nyingine wakikata mbao kama watu wakatao karatasi. Ilikaa juu ya meza barazani kwao, na wembe wake, mwembamba kama uzi wa kushonea viatu, ulipanda na kushuka mfano wa sindano. Majirani waliiita cherehani ya mbao. Ukitoka kazini umechoka na damu za watu na vikohozi vya watu, ukakaa pale, ukauzungusha ubao taratibu mbele ya ule wembe, kichwa kinatulia. Hivyo tu. Hakuwa na nia ya kuuza chochote.

"Una malaria," alimwambia mwishoni.

"Haidhuru," Hafidhi alijibu. "Nikipona nitakuja kuziona hizo mbao."

Akapona, akaja.

*

"Nilisema au sikusema?" Bi Asia aliuliza.

Alikuwa amekaa mkekani barazani, ungo wa mchele mapajani, na wala hakuinua uso. Mama wa Sabra hakuwa mtu wa kelele. Alikuwa mjane, mwembamba, mwenye vidole vya haraka, na tangu alipomuuguza mumewe kwa miaka mpaka akamzika, alitaka jambo moja tu kwa binti yake: mtu wa kutegemewa.

"Mama, sitaki kuongea."

"Mimi naongea na mchele." Akatupa jiwe dogo uani. "Mtu hana ukoo tunaoujua hapa mjini. Ana kibanda, na kibanda kinabomolewa kwa siku moja. Na huyo ndiye uliyetaka tumpikie pilau Jumapili. Mjomba wako anakuja siku hiyohiyo, mwanangu. Anataka jibu la posa ya Abdulatif."

Sabra akaegemea nguzo ya baraza. Abdulatif alifundisha chuoni Mzumbe. Alikuwa mpole, ana nyumba, ana swala tano, na siku aliyokuja kusalimia alitazama cherehani ya mbao kwa heshima akasema, "Hii tutaijengea chumba chake." Hakuwa na doa la kumshika. Sabra alijaribu mara nyingi kulala akimfikiria yeye, na kila mara usingizi ulipomchukua ulimpeleka kwingine, kwenye barabara ya kupanda, penye harufu ya kahawa.

"Wewe ulimpendea nini baba?" aliuliza ghafla.

Vidole vya Bi Asia vilisimama. "Maswali gani hayo?"

"Nauliza tu."

"Alikuwa anarudi," mama yake alisema. "Akisema anarudi, anarudi." Akapeta mchele kwa nguvu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Ijumaa hapakuwa na ujumbe. Jumamosi Sabra aliweka kiburi kando akapiga simu mara moja, akaambiwa na ile sauti ya mwanamke asiye na haraka kwamba namba haipatikani. Makreti ya soda yalikuwa yamepangwa mbele ya kibanda, mlango umefungwa kufuli. Aliyajua hayo kwa sababu alipita, akijidai anakwenda kununua mbao.

Mchana ule akakaa kwenye mashine. Alichukua kipande cha mfenesi, mbao ya njano kama kiini cha yai la kienyeji, akawasha, akauacha ubao uende wenyewe. Hakuchora kitu. Vumbi laini liliruka likakaa kwenye nywele za mikono yake, tamu puani, na sauti ya wembe ikawa sauti moja na nzi wa nje, na mto, na jirani aliyekuwa akiimba huku akifua. Mlimani mawingu yalikuwa yakishuka na kupanda pasipo kazi maalumu. Alimwona Hafidhi akipepea mkaa. Alimwona akimpa mtoto wa mtalii stroberi ya bure, ile kubwa kuliko zote. Aliiona siku waliyopanda pamoja mpaka juu, yeye amebeba kikapu cha chapati, Hafidhi akitembea mbele akigeuka kila baada ya hatua chache kama mtu anayeogopa kwamba akikaa sana bila kutazama hatakuta mtu. Siku ile hawakushikana hata mikono. Walikula chapati, wakatazama mji ukiwa mdogo chini kama kitu cha kuchezea, na Hafidhi alisema neno moja tu: "Laiti ningeweza kuibeba siku hii nyumbani."

Ndiyo maana aliikata. Ili Hafidhi aibebe.

Wembe ukakatika. Sabra akazima mashine, akaufunika uso kwa viganja vyenye vumbi, akalia kwa kimya ili mama asisikie. Ndani, mama alisikia, akaongeza sauti ya redio.

*

Mjomba Hatibu alifika Jumapili baada ya adhuhuri, kanzu imenyooka, kofia ya kushonwa kwa mkono kichwani. Alikuwa kaka mkubwa wa Bi Asia, na katika nyumba ile, kama katika nyumba nyingi za Kiluguru, neno la mjomba lilikuwa ndilo neno. Sabra alipiga goti kidogo.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Umekonda."

"Kazi, Mjomba."

"Kazi haikondeshi macho." Akakaa kwenye kochi, akapokea maji, akanywa. Alikuwa mtu wa moja kwa moja. "Asia, sitaki kuzunguka. Yule kijana wa Mzumbe amesubiri kwa adabu, na adabu nayo ina mwisho. Na huyu wa pili mliyesema watu wake wanakuja leo, yuko wapi?"

"Haji," Bi Asia alisema. "Wamegombana."

"Kwa nini?"

Mama na binti wakatazamana. Kabla hajapatikana wa kujibu, sauti ikasikika nje, ya taratibu, iliyokwaruzwa na vumbi.

"Hodi wenyewe!"

Sabra alisimama bila kujijua. Bi Asia alimtazama, akatazama mlango, midomo ikakazana. Lakini mgeni amebisha, na Mjomba Hatibu hakuwa mtu wa kumwacha mgeni juani.

"Karibu!"

Hafidhi aliingia peke yake. Shati lake lilikuwa lilelile la Alhamisi, limebadilika rangi kwa vumbi jekundu la barabara ya Dodoma, na kope zake zilikuwa na vumbi pia, zikamfanya aonekane mzee wa ghafla. Mikono ilikuwa mitupu. Aliwaamkia wakubwa, akaketi kwenye ncha ya kiti, akamtazama Sabra mara moja tu.

"Nimetoka Gairo sasa hivi," alisema. "Samahani kuja hivi. Najua nilikatazwa."

"Ulifuata nini Gairo?" Mjomba aliuliza.

"Kitu cha Sabra. Nilikiuza bila kujua kwamba nilipewa. Nilikwenda kukirudisha."

"Kiko wapi?"

"Sikuja nacho, mzee."

Bi Asia akaguna. Hata hivyo Mjomba aliinua kiganja. "Eleza."

"Niliuliza pale soko la karanga," Hafidhi alianza. "Yule aliyenunua, Mzee Severin, anajulikana, walinionyesha nyumba. Nilikuwa nimepanga maneno yangu yote kwenye basi. Nilisema nitamrudishia chake, nitaongeza na cha juu, nitampigia magoti ikibidi. Nikafika, nikamweleza mlangoni. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu hakusema ndiyo wala hapana. Akaniambia, njoo ndani kwanza."

Sabra, bila kuagizwa, akammiminia maji. Vidole vyao havikugusana.

"Nilidhani ameitundika ukutani. Haikuwa ukutani. Ilikuwa juu ya blanketi, mapajani kwa mke wake. Bibi Magreth. Ni mtu wa kitanda siku nyingi, na macho yake hayaoni tena. Ni Mluguru wa Bigwa, aliolewa huko Gairo akiwa binti, na tangu miguu imkatae hajarudi kuiona milima. Mzee alikuja mjini kufuata dawa zake, bibi akamwambia kwa utani, ukirudi niletee mlima. Naye akapita kwangu."

Redio ya jirani ilikuwa imezimwa. Bi Asia hakuwa na kitu mikononi, ila vidole vyake vilikuwa vikikunja na kukunjua pindo la kanga.

"Alikuwa anaipapasa," Hafidhi aliendelea, sasa akimwambia Sabra peke yake. "Kwa vidole. Anaanzia chini, anapanda polepole. Akifika kileleni anasema, huu Lupanga. Anateremka, anapanda tena, anasema, huu Bondwa. Pale ulipoweka ile mbao nyeupe ya ukungu, akasimama akasema, hapa asubuhi hapaonekani kitu, mama alikuwa akituita kwa sauti tu. Mimi nimesimama mlangoni. Akauliza, nani? Mzee akamwambia, ni kijana aliyeniuzia. Akasema, mwambie aliyekata huu amepanda kwa miguu yake, hakuutazama tu kutoka barabarani."

Sabra aliweka mkono mdomoni.

"Halafu kidole chake kikafika kwenye njia. Kikasimama. Akauliza, na hawa wawili ni nani? Ndipo nilipowaona, Sabra. Kweli sikuwa nimewaona. Niliwaona chini ya kidole cha yule bibi. Mwanamke ana kikapu. Mwanamume amegeuza shingo kutazama nyuma. Nikajua siku yenyewe, nikajua mpaka chapati. Mzee Severin akanitazama, akaniachia mimi nijibu."

"Ukajibu nini?" Hakuwa Sabra aliyeuliza. Alikuwa Bi Asia.

"Nikamwambia, ni wewe, Bibi. Wewe na Mzee." Akainamisha kichwa. "Akacheka. Akasema, nilijua, Severin alikuwa na mabega hivihivi. Baada ya hapo nisingeweza, mama. Nilijaribu kufungua mdomo, sikuweza. Walinilazimisha kula, wakanilazimisha kulala. Jana nikamtengenezea kijishubaka kando ya kitanda, mkono wake ufike bila kujinyoosha. Simu ilikwisha chaji, na leo nikapanda basi la kwanza lililokuwa na nafasi." Akamgeukia Sabra. "Nilikuahidi kuifuata, nimeshindwa. Sikutaka ulisikie hili kwenye simu."

Nje upepo wa mlimani uliingia uani, ukainua kanga kwenye kamba, ukaziachia.

"Huyo bibi," Bi Asia alisema, akijifuta chini ya jicho kwa pindo, haraka, kama anafuta jasho. "Anakula?"

"Uji, mama. Na papai."

"Mzee wake ndiye anayemlisha?"

"Ndiye. Hamruhusu mtu mwingine."

Bi Asia akatikisa kichwa taratibu. Alitazama mahali fulani nje ya dirisha, na Sabra alijua ameona chumba kingine, kitanda kingine, na kijiko mkononi mwake mwenyewe.

Mjomba Hatibu akakohoa. "Kijana, ulikwenda kuchukua mali ukarudi bila mali. Na hapa umeingia bila mkubwa, bila barua, na shati la vumbi. Unataka tukufikirieje?"

"Leo sikuja kuomba kitu, mzee. Nilikuja kusema ukweli, niondoke."

"Uondoke uende wapi?" Sabra aliuliza.

Wote wakamgeukia. Hakuwahi kusema mbele ya mjomba bila kuulizwa, na uso ulimwaka moto, lakini maneno yalikuwa yameshafika mlangoni na hayakutaka kurudi ndani.

"Umemdanganya yule bibi," alimwambia Hafidhi.

"Nimemdanganya."

"Umewatoa watu wangu wawili, umempa mwingine."

"Nimewatoa. Nisamehe."

"Hata mimi ningewatoa." Machozi yakamteremka, naye akayaacha. "Alhamisi nilisema maneno ambayo hayakuwa yangu. Nilifikiri ukiona kitu unaona bei yake. Sasa umekwenda mpaka Gairo..." Hakuweza kumaliza. Akamgeukia mjomba wake, akashusha macho kwa heshima, ila sauti haikushuka. "Mjomba, Abdulatif ni mtu mzuri. Anastahili mke atakayekuwa naye moyo mzima. Mimi moyo wangu hauko kwake. Naomba umwambie hivyo, kwa adabu ileile aliyotusubiri nayo. Nimempenda huyu. Mkikataa sitatoroka, nitakaa hapa hapa nanyi. Ila sitaolewa na mwingine."

Mjomba Hatibu alivua kofia, akaikung'uta kana kwamba ina vumbi, akaivaa tena. Alimtazama dada yake. "Asia. Wewe ndiye uliyekuwa na neno juu ya kijana huyu."

Bi Asia aliinuka, akajifunga kanga vizuri, akasogea mpaka mbele ya Hafidhi, akamkagua kuanzia nywele zenye vumbi mpaka viatu.

"Ulimwambia utakwenda, ukaenda," alisema. "Na umerudi."

"Ndiyo, mama."

"Unatia aibu kwa vumbi." Akageuka. "Kaka, mwenye jibu ameshajibu. Mpelekee yule wa Mzumbe salamu zetu njema. Na wewe kijana, Jumapili ijayo uje na huyo baba yako mdogo wa Mlali, mje kama watu, na usije tena mikono mitupu. Ukoo wako tutauulizia. Hapo sijasema ndiyo. Nimesema mje."

Alipopita kwenda jikoni alijifuta tena, na safari hii hakujali nani anaona.

*

Sabra alipewa ruhusa ya kumsindikiza mgeni hadi getini, isizidi. Walitembea uani polepole, wakipunguza hatua ili ua uwe mrefu. Mchana ulikuwa umelegea. Ukungu ulianza kuteleza kutoka Bondwa, ukashuka juu ya migomba, ukayafanya mabati ya mtaa mzima yaonekane kama yako ndani ya maji.

"Nina njaa," Hafidhi alisema, kwa sababu maneno mengine yote yalikuwa makubwa mno.

"Nitakuletea chakula kesho kibandani."

"Na mimi ukuta wangu una pengo katikati."

"Liache kwanza."

"Niliache?"

"Tutafikiri cha kuweka. Safari hii tutafikiri wawili."

Walifika getini. Mchongoma wa uzio ulikuwa mrefu, na barabarani hapakuwa na mtu. Hafidhi aligeuka, akamtazama kwa macho yale ambayo Sabra alijaribu kwa siku tatu kuyachukia akashindwa.

"Mama kasema nisije mikono mitupu," alinong'ona. "Nilete nini, Sabra? Nieleze mapema, mimi ni mtu asiyeona vitu mpaka aonyeshwe."

Sabra hakujibu kwa mdomo. Alitazama nyuma kwenye baraza, akaona mlango mtupu, akaunyoosha mkono wake, wenye vumbi la msasa kwenye mistari ya kiganja, akautia ndani ya mkono wa Hafidhi. Mwaka mzima walikuwa wamekaa karibu namna ile bila kuthubutu. Kiganja cha Hafidhi kilikuwa na joto na kilikuwa kigumu kuliko alivyodhani, na kilifunga taratibu, kwa hadhari, kama mtu aliyekabidhiwa kitu chembamba kisichofaa kubanwa.

"Sabra!" Sauti ya Bi Asia ikatoka jikoni. "Huyo mgeni hajaondoka tu?"

"Bado, Mama," Sabra alijibu, na mkono hakuutoa.